Jeti Haipendi Mchanga

"Fundi, nataka tenda ya jeti. Haina propela, nitaingia nayo mpaka mchangani." Nimeyasikia tena Jumamosi, mteja kasimama kwenye mteremko wa kushushia boti na maji nyuma yake yanakupwa. (Tenda hapa si ile ya kaunti. Ni kile kiboti cha kukuvusha kutoka yoti iliyotia nanga hadi nchi kavu.)

Haina propela? Ina impela, ambayo ni propela iliyofungiwa ndani ya bomba. Maji huvutwa kupitia wavu wa chuma ulioko tumboni mwa boti, kisha hutupwa nyuma kwa nguvu. Kati ya ncha za impela na ukuta wa bomba hakuna nafasi inayofika hata milimita 1. Na wavu huo unatazama chini. Kwenye maji mafupi, chini kuna nini?

Najua imani hii imetoka wapi. Hamilton wa Nyuzilandi, aliyezipa boti za jeti umaarufu miaka ya 1950, alitaka kupanda mito ya kwao yenye maji mafupi na mkondo mkali. Akafaulu. Lakini boti zile hupita mbio, zimeinuka juu ya maji. Ukipunguza moto tu, boti inakaa, tumbo linashuka, na bomba linaanza kufyonza kila kilicho chini yake. Tenda kazi yake ni kusimama! Unafika ufukweni Nyali, watoto wanataka kushuka, mama anatafuta viatu, na wewe umeacha injini inanguruma. Jeti nyingi hazina nyutro ya kweli: injini ikiwaka, impela inazunguka. Dakika zote hizo unakunywa mchanga.

Mchanga unakula ncha, nafasi inapanuka, maji yanateleza pembeni. Dalili yake ni moja: injini inapiga kelele, boti haiendi. Mwenye boti anasema injini imechoka. Mmoja aliniletea yake baada ya kubadilisha plagi zote. Nikalala chali chini ya trela, nikafungua wavu, nikatoa mwani uliosokotana kama kamba, uzi wa nailoni wa mshipi, ukanda wa kandambili na kipande cha mfuko wa plastiki, ile mifuko tuliyoipiga marufuku 2017. Ncha za impela zilikuwa zimeviringika kama kijiko cha zamani. Plagi zake za kwanza zilikuwa nzima kabisa.

Injini ya nje, ile inayoning'inizwa nyuma ya boti na propela yake majini, nayo ikigusa chini inaumia, sikatai. Lakini jeraha unaliona kwa macho, unalipiga tupa, na kabla ya hapo ulikuwa na nafasi ya kuzima, kuinua mguu wa injini na kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Ndiyo, upondo. Wateja hucheka, wamelipa mamilioni, hawataki kuonekana kama mvuvi wa mtumbwi. Basi na wacheke. Jeti au injini ya nje, kila tenda inayotoka mikononi mwangu ina upondo ndani. Mwenye jeti azime maji yakiwa kifuani, asukume kwa upondo mpaka nchi kavu. Na atazame jedwali la maji kujaa na kupwa kwanza: bamvua ya kwetu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo palipokuwa kifuani unapofika huenda saa chache baadaye pakawa kifundoni.

Wateja wana maneno mengine pia. "Jeti ni salama kabisa kwa waogeleaji." Makali hayako nje, hiyo ni kweli, na kwa watoto ni faida kubwa. Lakini nywele ndefu na kamba ya nanga huvutwa vilevile. Tena jeti hugeuka kwa msukumo wa maji tu. Anayejifunza akimwona mtu mbele huachia moto kwa hofu, na hapo hapo usukani unakufa, boti inakwenda mbele moja kwa moja. Mfundishe hilo kabla hajavuka Kilindini kwenye njia ya feri.

"Jeti haihitaji kuoshwa." Inahitaji, kwa maji yasiyo na chumvi, kama mashine yoyote ya baharini. Injini ya nje unaiinua ikakauka. Bomba la jeti linabaki majini. Iache wiki kadhaa hori la Mtwapa uone vigamba vilivyoota ndani.

"Injini ya nje ni ya maskini." Huyu huwa simjibu, ila namuuliza gereji ya yoti yake, kile chumba cha kuhifadhia tenda, ina kimo gani. Sababu kubwa ya jeti kupendwa na wenye yoti ni hiyo: haina mguu wala kichwa cha injini kinachochomoza, inaingia kwenye gereji fupi kama droo. Kama tenda yako inaning'inia nje kwa winchi, faida hiyo huna, na mafuta utakayochoma ukienda polepole yatakuwa mengi zaidi. Fundi wa injini ya nje utampata Vanga, utampata Lamu. Wa jeti utanipigia simu mimi, na wiki hii nina foleni.