Taa ya UV kwa mjusi wa jangwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mjusi wa jangwani anaweza kupewa nyenje wanono, mboga mbichi na taa ya joto, na bado taya lake likalainika hadi akashindwa kutafuna. Mara nyingi sababu iko juu ya kichwa chake: taa ya UV, yaani ya miale ya urujuanimno, haipo, ni dhaifu, au imefungwa mahali ambapo miale haimfikii. Wafugaji wengi wa mijusi hawa wako Ulaya na Marekani, ambako baridi humfungia mnyama ndani miezi mingi. Nazungumzia hasa mjusi wa ndevu wa Australia, Pogona vitticeps, na mijusi wa mkia wa miiba wa jamii ya Uromastyx, ambao wasomaji walioko Oman huenda wamewaona nyikani.

“Taa inawaka vizuri, basi UV ipo”

Macho yetu hayaioni miale ya urujuanimno, kwa hiyo mwanga mkali hauthibitishi chochote. Balbu nyeupe ya LED hutoa mwanga bila UVB. Balbu ya joto hutoa joto. Taa za zambarau za kumbi za muziki hutoa UVA, aina ya UV ambayo mjusi huiona na humsaidia kutambua chakula na wenzake, lakini haijengi mfupa. Kinachojenga ni UVB, miale yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 280 na 315 hivi.

UVB ikipiga ngozi, hugeuza kemikali iliyo jamaa ya kolesteroli kuwa kitangulizi cha vitamini D3. Kitangulizi hicho hukamilika kwa joto la mwili, na mjusi joto hilo hulipata kwenye jiwe analoota. Ini na figo humalizia kazi, ndipo utumbo unapoweza kufyonza kalsiamu ya kutosha. Mlolongo huo ukikatika, tezi ndogo za shingoni huamuru kalsiamu itolewe mifupani ili moyo na misuli visisimame. Kwa nje utaona vidole vinavyotetemeka, miguu iliyovimba, mgongo uliopinda, taya linalobonyea. Ni ugonjwa wa ukoo mmoja na matege ya watoto. Daktari anaweza kuuzuia usiendelee, lakini mfupa uliokwisha kupinda kwa kawaida hubaki hivyo.

Ndiyo maana taa ya joto na taa ya UVB hukaa upande mmoja wa kizimba. Ukiweka joto kushoto na UVB kulia, mjusi atafuata joto, na miale itaangukia mchanga.

“Chagua asilimia kubwa kwenye boksi”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tarakimu kama 5.0, 10.0 au asilimia 12 hueleza sehemu ya UVB katika mnururisho wa taa. Hazisemi ni kiasi gani kitafika mgongoni kwa mnyama. Kiasi hicho hutegemea aina ya tyubu, kiakisi kilicho nyuma yake, umbali, na wavu ulio katikati. Tyubu nyembamba ya T5 yenye nguvu kubwa hutoa UVB nyingi kuliko tyubu nene zaidi ya T8 iliyoandikwa asilimia ileile. Wavu wa kifuniko peke yake unaweza kula theluthi ya miale, na ule wenye matundu madogo sana hula hadi nusu au zaidi.

Kipimo chenye maana ni fahirisi ya UV, ileile inayotajwa kwenye taarifa za hali ya hewa. Mtafiti Gary Ferguson na wenzake walikwenda kupima UV waliyopata reptilia porini, na mwaka 2010 wakapendekeza makundi manne ya mahitaji. Mwaka 2016 mtafiti Frances Baines na wenzake nchini Uingereza waliyatumia makundi hayo kutoa mwongozo kwa spishi nyingi zinazofugwa. Pogona kwa kawaida huwekwa kundi la 3, ambamo wastani wa miale anayopata mnyama ni fahirisi 1.0 hadi 2.6 na kilele hakizidi 7.4. Uromastyx huwekwa kundi la 4, lenye kilele cha hadi 9.5. Kwa vitendo, wafugaji wengi wa Pogona hulenga fahirisi ya 4 hadi 6 mgongoni anapoota, ikipungua polepole hadi sifuri kivulini.

Kwa hiyo pima kwanza kizimba, ndipo ununue taa. Kwa tyubu ya T5 yenye kiakisi, isiyo na wavu katikati, umbali huwa kama sentimita 30 hadi 45, lakini jedwali la mtengenezaji ndilo la kufuata. Tyubu iwe na urefu wa nusu hadi theluthi mbili za kizimba. Ifunge juu, kamwe si ubavuni, kwa sababu macho ya mjusi hukingwa na nyusi za magamba dhidi ya mwanga wa juu, na hayana kinga dhidi ya unaotoka upande.

“Mweke dirishani, jua linatosha”

Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Linalopita ni joto, na kizimba cha kioo juani kinaweza kumuua mjusi kwa joto hilo. Jua la nje, ndani ya tundu la wavu, ni jema kuliko taa yoyote, ila lazima kuwe na kivuli cha kukimbilia: karibu na ikweta fahirisi ya mchana mara nyingi hupita 11.

“Unga wa D3 unatosha”

Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha Pogona wachanga waliopewa D3 ya mdomoni na waliopata UVB. Waliopata UVB walikuwa na akiba ya vitamini hiyo kwenye damu mara 18 zaidi. Tena ngozi hujilinda: D3 ikizidi, miale ileile huivunja kuwa kemikali zisizodhuru. D3 ya mdomoni haina breki hiyo, na ikizidi hujaza kalsiamu kwenye figo na mishipa. Unga wa kalsiamu juu ya wadudu bado unahitajika, maana taa haileti kalsiamu yenyewe.

“Ni wa jangwani, hawezi kuungua”

Mjusi wa jangwani huota asubuhi, na jua la mchana likiwa kali huingia shimoni au kivulini. Mfungie chini ya taa kali bila maficho na ataumia. Katika miaka ya 2000 baadhi ya balbu za kujikunja zilitoa mawimbi mafupi mno yasiyomo kwenye jua linalofika ardhini, na mijusi wakavimba macho. Ukiona anafumba macho kila taa inapowaka, izime na uonane na daktari. Mijusi waliozalishwa bila magamba au wenye rangi hafifu sana wapewe kiasi kidogo. Taa za kuua vijidudu, za UVC (UV ya mawimbi mafupi kuliko UVB), zisikaribie kabisa.

Kuhusu usiku: zima zote. Mijusi huiona taa nyekundu, hivyo haiwapi giza.

“Nitabadilisha ikiungua”

UVB hupungua taratibu huku mwanga ukibaki uleule. Watengenezaji hushauri kubadilisha baada ya miezi 6 hadi 12, kulingana na aina. Njia ya uhakika ni kifaa cha kupimia fahirisi ya UV, kama Solarmeter 6.5. Bei yake ni kubwa, lakini wafugaji kadhaa wanaweza kuchangia kimoja. Usipokuwa nacho, andika tarehe ya kuiwasha mara ya kwanza kwenye kichwa cha tyubu, kwa kalamu ya wino usiofutika.