Mgonjwa wa ini akichanganyikiwa, msikimbilie kulaumu H. pylori

Kliniki yetu inazidi kupokea ndugu wa wagonjwa wa ini waliokuja na majibu ya maabara na hukumu tayari: ana H. pylori, bakteria wa tumboni, ndiyo maana anaweweseka. Wengine wameshamnunulia antibayotiki. Tunawaelewa, ila wameanzia mwisho.

Dhana yenyewe ina chanzo. Bakteria huyu huvunja urea, taka ya mwili, kuwa amonia ili ajikinge na asidi ya tumbo, na ini lililosinyaa hushindwa kuiondoa amonia kwenye damu kabla haijafika kwenye ubongo na kumchanganya mgonjwa. Lakini amonia nyingi hutoka kwenye matumbo, na tafiti kuhusu mchango wa bakteria huyu zinapingana. Kwa hiyo mgonjwa akianza kulala mchana na kukesha usiku, mikono ikimpepea akiinyoosha mbele, tunauliza kwanza: Amepata choo? Choo ni cheusi, dalili ya kuvuja damu tumboni? Ana homa? Amepewa dawa ya usingizi? Laktulosi je, ile dawa ya kulainisha choo ili amonia itoke, au mliisimamisha kwa sababu “inamharisha”? Choo laini mara 2 au 3 kwa siku ndicho tunachokitafuta! Na nani aliwaambia mumnyime maharage, mayai na samaki? Misuli, inayojengwa na vyakula hivyo, nayo husaidia kuondoa amonia. Mkimkondesha mnamwongezea tatizo.

Mwenye vidonda vya tumbo apimwe H. pylori na atibiwe, kwani kidonda kikivuja, damu inayoingia tumboni huzalisha amonia. Apimwe kwa pumzi au kwa choo. Omeprazoli na dawa za kupunguza asidi za jamii yake husimamishwa wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, vinginevyo bakteria wanaweza kujificha na jibu likatoka safi kwa uongo. Anayesimamisha ni daktari, si jirani. Kipimo cha kuhakikisha amepona hufanywa si chini ya wiki 4 baada ya dozi kwisha. Cha damu hakitumiki hapo; kingamwili hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa.

Metronidazoli, antibayotiki ambayo huwa kwenye baadhi ya dozi za H. pylori, husafishwa na ini. Ini likiwa hoi dawa hurundikana, na yenyewe inaweza kumchanganya mgonjwa. Ndiyo maana kiasi cha kumeza hupangwa na anayejua hali ya ini hilo.

Asiyeamka vizuri asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitali usiku huohuo, pamoja na dawa zote alizokuwa akitumia, hata zile mlizonunua kimyakimya.