Je, Wajua? Nadharia ya Sayansi Ikitumiwa Kuhalalisha Uovu, Lawama Ni ya Nani?

Kuna shutuma moja isiyochoka kurudi: kwamba bila Charles Darwin pasingekuwa na Hitler. Mantiki yake ni nyepesi. Darwin alisema viumbe hushindana na wasioweza hutoweka, Wanazi wakaligeuza hilo kuwa sera, basi damu ile iko mikononi mwa Darwin. Watetezi wa sayansi nao wana jibu lao la haraka: kisu hakilaumiwi kwa kosa la aliyekishika.

Majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza linaruka historia, kama tutakavyoona. La pili linasahau kwamba nadharia si kifaa. Kisu hakisemi chochote. Nadharia inasema jambo kuhusu ulimwengu, na jambo hilo ama ni kweli ama si kweli.

Kwa hiyo tuanze na kile Darwin alichosema. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, hoja yake ilikuwa hivi: viumbe wa spishi moja hutofautiana, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha wazao wengi zaidi. Hali hiyo, aliyoiita uteuzi asilia, ikiendelea kwa vizazi vingi mno, spishi mpya huzuka. Humo hamna neno kuhusu nani anastahili kuishi. Kwa kipimo hicho mnyoo wa tumboni amefanikiwa sawa na simba, pengine hata kumzidi. Kuhusu asili ya binadamu, kitabu kile kinagusia tu, karibu na ukurasa wa mwisho, kwamba suala hilo nalo litapata mwanga siku moja.

Ili mtu atoke kwenye hoja hiyo afike kwenye sheria, kambi au kisu cha daktari, lazima aongeze sentensi ambayo nadharia haina: "na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa." Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliuona mtego huu mwaka 1740, miaka 69 kabla Darwin hajazaliwa. Alilalamika kwamba waandishi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha ghafla wanazungumzia yanavyopaswa kuwa, bila kumwonyesha msomaji walipovukia.

Ushahidi kwamba sentensi hiyo hutoka nje ya nadharia ni kwamba kila kundi liliongeza ya kwake. Tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie, aliuona ushindani wa soko huria kuwa ni sheria ya maumbile, mkali kwa mtu mmojammoja lakini wenye heri kwa jamii. Karl Marx, adui wa matajiri wa aina hiyo, alimtumia Darwin nakala ya kitabu chake kikuu mwaka 1873 pamoja na salamu za heshima. Peter Kropotkin, Mrusi aliyezaliwa katika ukoo wa wakuu kisha akawa mpinzani wa dola zote, alichapisha kitabu mwaka 1902 akionyesha kuwa kusaidiana ndiko kunakookoa spishi nyingi. Watu watatu wasioweza kukaa meza moja, na kila mmoja aliona maumbile yako upande wake. Kama nadharia ingekuwa inazaa itikadi yenyewe, isingezaa watoto wanaopingana hivi.

Sasa tuje kwenye kesi ngumu zaidi, kwa sababu hapa watetezi wa sayansi hupenda kupita haraka.

Mwaka 1883 Francis Galton, binamu yake Darwin, aliipa jina fikra ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kudhibiti nani anazaa: yujeniki. Mwaka 1907 jimbo la Indiana nchini Marekani likapitisha sheria ya kuwafunga kizazi kwa lazima watu walioitwa wahalifu sugu na wenye akili pungufu. Majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1927 kesi ya Buck dhidi ya Bell ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Ilimhusu mwanamke kijana wa Virginia, Carrie Buck, aliyewekwa katika taasisi ya serikali baada ya kupata mimba kwa kubakwa. Serikali ilidai kuwa yeye, mama yake na mtoto wake mchanga wote ni punguani. Jaji Oliver Wendell Holmes, akiungwa mkono na majaji wengine saba kati ya wanane waliobaki, aliandika: "Vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha." Mtoto yule, kwa taarifa yako, alikuja kuingia kwenye orodha ya wanafunzi bora shuleni kwake kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka minane.

Nchini Marekani zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za namna hiyo. Ujerumani ilipitisha ya kwake Julai 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, na waliofanyiwa hivyo wanakadiriwa kufikia 400,000. Sweden, nchi isiyohusishwa na udikteta, ilikuwa na sheria yake kuanzia mwaka 1934.

Ukiisoma hukumu ya Holmes utakuta nguzo yake ya kisheria si Darwin. Ni chanjo. Alisema kanuni inayoiruhusu serikali kumlazimisha mtu achanjwe ni pana vya kutosha kuruhusu kukata mirija ya uzazi. Na bado sijamsikia mtu mwenye busara akidai kwamba nadharia ya chanjo ina hatia ya yaliyompata Carrie Buck. Tunaona mara moja kwamba Holmes aliirukisha kanuni ile hadi mahali isipofika. Darwin hapewi haki hiyo kirahisi.

Lakini kuna jambo zito zaidi: elimu ya urithi, yaani jenetiki, ilikuwa inaipinga sera hiyo kwa hesabu zake yenyewe. Chukua ugonjwa unaojitokeza pale tu mtoto anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Tuseme unampata mtu mmoja kati ya 10,000. Kwa kanuni aliyoieleza mwanahisabati G. H. Hardy mwaka 1908, katika jamii hiyo karibu mtu mmoja kati ya 50 anabeba jeni hiyo bila kuugua wala kujua. Maana yake, takriban asilimia 99 ya nakala za jeni hiyo zimo ndani ya watu wenye afya. Hata ukimfunga kizazi kila mgonjwa, katika kila kizazi, bila kumkosa hata mmoja, itachukua vizazi 100 kupunguza jeni hiyo kwa nusu. Kwa miaka 25 kila kizazi, hiyo ni miaka 2,500. Na hapo tumekubali kwamba hali inayolengwa kweli inarithiwa kwa jeni moja, jambo ambalo kwa "upunguani" halikuwa na msingi.

Reginald Punnett, mtaalamu wa jenetiki wa Cambridge, alichapisha hesabu za aina hii mwaka 1917. Yaani miaka kumi kabla ya hukumu ya Holmes, mwenye kutaka kujua angeweza kujua.

Basi nadharia iko huru? Nadhani ndiyo. Ila wanasayansi hawako huru pamoja nayo. Ronald Fisher, mmoja wa waliojenga hisabati ya mageuko, alizijua hesabu hizo vizuri kuliko wengi, na bado akaendelea kupigia debe ufungaji kizazi. Mjerumani Eugen Fischer (majina yanakaribiana, watu ni tofauti) alikwenda Namibia ya leo mwaka 1908, ikiwa koloni la Ujerumani, kuwachunguza watu wa Rehoboth, wazao wa Wazungu na Waafrika. Alirudi na kitabu kilichowatangaza machotara kuwa watu wa chini kuliko Wazungu. Mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa taasisi ya antropolojia ya Kaiser Wilhelm jijini Berlin. Mwaka 1937, watoto mia kadhaa wa eneo la Rhine, waliozaliwa na mama Wajerumani na askari weusi wa jeshi la Ufaransa, walifungwa kizazi kwa siri, na wataalamu wa taasisi hiyo walishiriki kuwapima. Hawa hawakuwa wanasiasa walioiba sayansi usiku. Sentensi ile ya nyongeza waliiandika wenyewe, na wakaipiga muhuri wa taaluma yao.

Darwin mwenyewe hatoki akiwa msafi kabisa. Alichukia utumwa maisha yake yote, na nadharia yake iliwaweka binadamu wote katika ukoo mmoja, wakati wasomi kadhaa wa enzi zake walidai kila mbari iliumbwa peke yake. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu binadamu alitabiri kwamba mbari "zilizostaarabika" karibu hakika zitaziangamiza zile za "washenzi" duniani kote. Alikuwa anatabiri, hakuwa anaagiza. Hata hivyo yule ni Mwingereza wa enzi ya ukoloni anayesema, na uteuzi asilia haukumlazimisha aseme hivyo.

Kuna nadharia, hata hivyo, ambazo naona zinastahili lawama zenyewe. Mwaka 1851, miaka minane kabla ya kitabu cha Darwin, daktari wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kugundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa watoroke, akaupa jina la Kigiriki, drapetomania. Miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko. Hapa huwezi kusema nadharia ilitumiwa vibaya, kwa sababu iliundwa kwa matumizi hayohayo. Hakukuwa na ushahidi wowote ambao ungemfanya Cartwright akubali kwamba mtumwa anatoroka kwa sababu anataka uhuru. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta: je, kuna jambo ambalo lingeweza kuiangusha nadharia hii machoni pa mwenye nayo? Kwa uteuzi asilia yapo mengi. Kwa drapetomania halikuwepo hata moja.

Na wale wanaotaka nadharia ihukumiwe kwa siasa ya wanaoishabikia waangalie palipojaribiwa. Philipp Lenard na Johannes Stark, wote washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, waliishambulia nadharia ya uhusianifu ya Einstein kwa kuiita fizikia ya Kiyahudi. Katika Umoja wa Kisovieti, mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko na wafuasi wake waliihusisha jenetiki na ufashisti, shutuma iliyosikika ya maana mbele ya yale yaliyokuwa yakitendeka Ujerumani. Nikolai Vavilov, mwanajenetiki aliyekusanya mbegu za mazao kutoka mabara kadhaa, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943. Agosti 1948 jenetiki ikapigwa marufuku rasmi. Ngano haikusoma azimio lile. Iliendelea kurithi kama ilivyokuwa ikirithi, na Lysenko aliondolewa kwenye uongozi wa taasisi ya jenetiki mwaka 1965 tu.

Ndiyo maana swali la "nadharia ina hatia?" linanitia wasiwasi, hata linapoulizwa kwa nia njema. Huwapa nafuu watu waliokuwa na majina, vyeo na saini. Katika kesi ya madaktari wa Kinazi iliyofunguliwa Nuremberg Desemba 1946 washtakiwa walikuwa 23, na saba wakanyongwa. Otmar von Verschuer, aliyemrithi Fischer kuongoza taasisi ile ya Berlin na aliyekuwa mlezi wa kitaaluma wa Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, hakuwa miongoni mwao. Alitozwa faini, na mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Münster kikampa uprofesa wa jenetiki ya binadamu.