Kuzinduka Katikati ya Upasuaji: Maswali na Majibu

Nilipewa nusukaputi, lakini niliwasikia madaktari wakizungumza huku wakinipasua. Au niliota?

Inawezekana kabisa kwamba hukuota. Ni nadra, lakini hutokea: utafiti mkubwa wa Uingereza na Ayalandi, uliotolewa 2014, ulikadiria tukio 1 katika kila nusukaputi 19,000. Kwa wanaojifungua kwa upasuaji wakiwa wamelazwa usingizi, ilikuwa takriban 1 katika 670. (Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni ni jambo jingine, yeye hutarajiwa kuwa macho.)

Mbona sikuweza hata kufumbua macho?

Pamoja na dawa ya usingizi, mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya kulegeza misuli. Ya usingizi ikipungua nguvu, akili huamka ilhali mwili umelegea wote. Hapo ndipo jeraha lenyewe lilipo. Wapo waliosikia maumivu makali, na wapo ambao hawakusikia maumivu yoyote, ila walitaka kupiga kelele na sauti haikutoka. Wengine waliamini wamepooza, au wamekwisha kufa. Hofu ya namna hiyo, hata ikidumu dakika chache tu, huweza kumkaa mtu miaka mingi.

Kidonda kimepona, mbona bado nashtuka usiku?

Kwa sababu ubongo bado unalinda mlango. Jinamizi, kuogopa kulala chali, moyo kwenda mbio ukisikia harufu ya dawa, kukwepa hospitali hata unapoumwa: zote ni dalili za kiwewe. Zikizidi mwezi mmoja, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe husaidia wengi, hata kama tukio ni la zamani.

Ndugu zangu wanasema nisahau tu.

Wanakutakia mema, lakini neno hilo huumiza. Kuambiwa "ulikuwa unaota" humfanya mtu anyamaze, na wapo walionyamaza kwa miaka. Anayekuuguza akuamini kwanza. Kisha rudi hospitalini, uombe kuonana na daktari wa usingizi, akusikilize na akueleze kilichotokea. Omba iandikwe kwenye faili lako.

Nikihitaji upasuaji mwingine?

Usiukimbie. Mweleze daktari wa usingizi mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Anaweza kubadili mpango wa dawa, kutumia kipimo cha mawimbi ya ubongo pale kilipo, au kukuchoma ganzi badala ya nusukaputi ikiwa upasuaji wenyewe unaruhusu.