Rangi ya geti ikirukia gari lako, usikimbilie thina

Pitisha kiganja taratibu juu ya boneti. Kama jana palikuwa laini kama kioo na leo unahisi chengachenga za mchanga zisizoondoka kwa maji, gari lako limerukiwa na rangi. Hapa Dar kisa huwa kilekile: umeegesha mtaani, hatua chache tu kutoka kwa mafundi wa kuchomelea. Wao wamesimamisha mageti nje, wanayapuliza redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa kompresa, na upepo wa kusi unabeba kilichobaki. Vitone hivyo ni vidogo sana. Huvioni vikitua, unakuja kuvikuta jioni.

Harrier nyeusi ya dada mmoja iliingia kwangu ikiwa hivyo: boneti, kioo cha mbele na milango ya kushoto vyote vimepigwa wekundu wa kutu. Milango ilikuwa imerukiwa tu, basi. Boneti ndiyo iliyokuwa imekufa. Ilikuwa imefifia, ina mabaka meupe, na sehemu mbili rangi nyeusi ilikuwa imevutika kama lami juani. Kijana wa kuosha magari alikuwa ameisugua kwa thina, akitaka kusaidia.

"Fundi, mbona milangoni alipitisha thina hiyohiyo na hapakuwa na kitu?" aliniuliza yule dada.

Swali zuri sana hilo, na jibu lake ndilo linaloamua kila kitu katika kazi hii. Kabla hujauliza rangi iliyokurukia itatoka kwa nini, uliza gari lako limevaa rangi gani.

Rangi ya kiwandani huwa na tabaka kadhaa: ile ya kuzuia kutu iliyoshika bati, praima, rangi yenyewe, kisha klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, juu kabisa. Zote kwa pamoja, magari mengi yana unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani kuzidi kidogo karatasi moja ya kuchapia. Klia peke yake ni kama maikroni 35 hadi 50. Kiwandani bodi hupitishwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 140 hivi, na klia inaungana kuwa kitu kimoja kigumu ambacho hakiyeyuki tena kirahisi. Ndiyo maana milango ya yule dada ilivumilia.

Boneti yake ilikuwa imeshapigwa rangi upya na mtu aliyekuwa na gari kabla yake, na haikupigwa kwa rangi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu. Ilipigwa ile ya bei nafuu inayokauka kwa thina kuruka tu hewani. Rangi ya namna hiyo haijawahi kubadilika kuwa kitu kingine. Ukiirudishia thina, inarudi kuwa uji. Magari yetu mengi ni ya mkono wa pili, na wenye nayo hawajui paneli ipi ni ya orijino na ipi ilipigwa gereji.

Kujua si kazi. Chukua kitambaa cheupe (nasisitiza cheupe), tia tone la thina, gusa sehemu iliyojificha ya paneli ileile: ukingo wa chini wa mlango, au upande wa ndani wa boneti kama nao ulipakwa. Gusa sekunde mbili, futa, tazama kitambaa. Kikitoka na rangi ya gari lako, paneli hiyo usiiguse tena kwa thina wala asetoni. Mimi nina kipimo cha unene wa rangi na hukipitisha kila paneli. Kikisoma maikroni 300 na zaidi najua chini kuna kazi ya gereji, pengine na pati ya kuzibia mabonde.

Sasa kuondoa. Sheria yangu ni kuanza na kitu dhaifu kuliko vyote na kupanda polepole, kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Bodi nyeusi iliyokaa jua la mchana haishikiki kwa mkono, na dawa yoyote utakayopaka juu yake itakauka kabla haijafanya kazi, au itakula kusiko.

Osha kwanza kwa maji mengi na sabuni, toa mchanga wote. Kisha tumia udongo wa kusafishia rangi, ule unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari ukiwa kipande kama sabuni ndogo. Kwa rangi iliyoruka na upepo, huu ndio dawa yenyewe. Si udongo wa shambani. Ni plastiki laini iliyochanganywa na chembe za kusaga zilizo ndogo mno. Mjapani Tadao Kodate alipewa hataza ya Marekani mwaka 1995 kwa kitu cha jamii hii, na humo kinaelezwa kama jiwe la kunolea linalonyumbulika. Maelezo hayo yananifurahisha kila nikiyakumbuka, kwa sababu ndivyo unavyofanya kazi: vitone vilivyoruka mbali vilikuwa vimeanza kukauka hewani, vikatua bila kujipenyeza kwenye klia. Vimesimama juu yake kama vipele. Udongo ukipita unavikata vichwa hadi chini, na klia iliyo bapa inabaki salama mradi kuna maji.

Basi yasikosekane maji. Nyunyiza maji yenye tone la shampuu ya gari, kata kipande kama vidole vitatu, kibapishe, kisha kisukume mbele na nyuma kwa mistari mifupi bila kukandamiza. Mwanzoni kinakwaruza na kutoa sauti. Kikianza kuteleza kimyakimya, pale pamekwisha. Kikunje upya kila mara ili uso mchafu uingie ndani. Kikianguka chini, kitupe. Najua kinauma kukitupa, lakini punje moja ya mchanga ndani yake itachora boneti nzima. Milango ya Harrier ilinichukua saa tatu na vipande viwili, na sikufungua kopo la thina hata mara moja.

Pale udongo unaposhindwa, ni kwa sababu rangi ilitua ikiwa mbichi na nzito. Hapo napaka tapentaini ya dukani au mafuta ya taa kwenye kitambaa, nakilaza juu ya doa dakika moja, nafuta kwa kukigeuza upande safi kila ninapopitisha mkono. Ukisugua na upande uleule unaisambaza rangi uliyokwisha kuiyeyusha. Redoksaidi ni rangi ya mafuta, huendelea kukomaa siku hata wiki ikivuta hewa, kwa hiyo doa la jana hutoka kwa mafuta ya taa na la mwezi uliopita laweza kukataa. Ukimaliza, osha kwa sabuni, maana mafuta ya taa huacha utando.

Petroli hapana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi penye moto, na gereji jirani wanachomelea.

Sprei ya kopo, kama mtu amekuandikia matusi mlangoni, ni jambo tofauti kidogo kwa sababu imekaa kwa unene. Nyingi hukauka kwa thina kuruka, hivyo huyeyuka tena: anza na spiriti, halafu dawa ya kuondolea lami. Kwenye klia ya kiwandani tu, na baada ya jaribio la kitambaa cheupe, nakubali thina kwa mguso wa sekunde tatu au nne na maji ya sabuni papo hapo. Vaa glovu, fungua milango ya gereji.

Taa za mbele usizikaribie kwa thina wala asetoni. Plastiki yake ni polikaboneti, na huchanika nyufa ndogo ndani kwa ndani zisizotibika kwa polishi. Plastiki nyeusi za bampa nazo hufifia, zizibe kwa masking tepu kabla hujaanza. Kioo ndicho rahisi kuliko vyote: maji ya sabuni na wembe mpya uliolazwa.

Utando hafifu unaobaki huondoka kwa polishi laini ya mkono. Mashine na kompaundi kali naziacha za mwisho, kwa kuwa kila mzunguko unakula klia, na sehemu ya juu ya klia ndiyo inayoikinga rangi na jua letu. Kisha nta, maana udongo umeondoa na kinga iliyokuwepo.

Yule dada alipata milango yake ya kiwandani ikiwa vilevile. Boneti niliivua yote hadi kwenye bati, nikaipiga upya kwa rangi ya hadina, na nikamwandikia kwenye karatasi ya kuweka garini paneli zipi ni za orijino na ipi si ya orijino.