Wazee wa baraza si juri

Juzi kijiweni, karibu na Jamatini, mzee mmoja alituambia kwamba Derek Chauvin, yule polisi aliyemuua George Floyd kule Minneapolis, mwaka 2021 alitiwa hatiani na "wazee wa baraza 12". Hii si mara ya kwanza kuisikia, na kahawa ilinikaa kooni.

Juri ni raia wa kawaida, aghalabu 12, wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama mshitakiwa ana hatia. Maana yake ni hiyo tu.

Balaa liko kwenye neno. Juri asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kuapa: ni watu waliokula kiapo. Baraza letu ni mahali, kile kibaraza cha mbele ya nyumba ambapo watu hukaa, wakapeana habari na kusuluhishana. Mzee wa baraza basi ni mtu wa kushauri. Kwenye Mahakama Kuu ya Tanzania alikaa na jaji, mwishoni akatoa maoni yake, na jaji alikuwa huru kuyaacha. (Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, hata kumwita si lazima tena.) Juri halimshauri mtu. Likisema mshitakiwa hana hatia, jaji hawezi kutengua, wala upande wa mashtaka hauna rufaa.

Kwenye kesi za polisi kuua, tofauti hiyo inauma. Juri la Marekani huelekezwa kujiuliza askari mwenye busara, akiwa palepale na kwa sekunde zilezile, angeonaje hatari. Kipimo hicho Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiweka mwaka 1989 katika Graham dhidi ya Connor. Ilikuwa kesi ya madai, lakini kimepenya hadi kwenye jinai. Juri hutoka na jibu, bila kueleza limefikaje hapo.

Kwetu askari haruhusiwi kuzidisha nguvu kuliko inayohitajika kumkamata mtu, na jaji akiamua lazima aandike sababu. Sababu hizo ndizo zinazochambuliwa kwenye rufaa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimwachia Abdallah Zombe na askari wenzake walioshitakiwa kwa mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi, yaliyotokea 2006. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimwacha Zombe huru, lakini ikamtia hatiani mmoja wao, Christopher Bageni. Ingekuwa juri la Kimarekani, kesi ingefia 2009.

Sikutaka kumuumbua mzee mbele za watu. Nilimsogelea tu: "Mzee wangu, wale hawakumshauri jaji. Wao ndio walioamua."

"Sasa tuwaiteje?"

"Juri."

Akalionja neno kidogo. "Haya, majuri 12."

"Juri moja, mzee. Watu ndio 12."