Kufika Ufaransa Si Rekodi: Daftari la Mwangalizi Ndilo Linaloamua

Kila msimu wa kuogelea kuvuka mlango-bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, unapokaribia, swali hurudi lilelile: "Saa yangu ya mkononi imerekodi njia nzima, mwangalizi wa nini tena?" Saa inaonyesha mkono ulipita wapi. Haionyeshi mwenye mkono alivaa nini, wala kama alishika ngazi ya boti kupumzika. Hayo huandikwa na mwangalizi aliye kwenye boti ya msindikizaji.

Vyama viwili ndivyo vinavyosimamia na kuthibitisha safari hizi: Channel Swimming Association, kilichoanzishwa mwaka 1927, na Channel Swimming & Piloting Federation. Kila kimoja kina manahodha wake na waangalizi wake. Njia ni moja tu, Uingereza kwenda Ufaransa, kwani mamlaka za Ufaransa haziruhusu mtu aanzie kwao. Anayerudi Dover kwa kuogelea ni yule aliyetoka Dover. Mlango huo hupitiwa na meli mamia kila siku, na walinzi wa pwani hupewa taarifa ya kila boti ya msindikizaji. Atakayejitupia majini peke yake hatapata cheti, na kesi yake haitakuwa ya vyama hivi tena bali ya vyombo vya usalama wa bahari.

Vazi. Vazi moja la kawaida la kuogelea, lisilo na mikono wala miguu na lisilosaidia kuelea, kofia moja, miwani, vizibo vya masikio na pua ukitaka. Mafuta ya kujipaka yanaruhusiwa. Wengi hudhani mafuta hayo yanazuia baridi. Hayazuii. Kazi yake ni kulinda kwapa, shingo na mapaja yasichubuke, maana chumvi na msuguano wa saa 12 huacha kidonda kibichi. Vazi la mpira la wazamiaji halikatazwi na sheria ya nchi yoyote, ila safari yake huandikwa kundi lingine. Ross Edgley alizunguka kisiwa cha Uingereza mwaka 2018 kwa siku 157, akivaa vazi la mpira na kulala botini kati ya kipande na kipande. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu alisema tangu mwanzo kuwa ndivyo atakavyofanya. Ugomvi huzuka pale kanuni zinapotajwa baada ya safari.

Kabla ya safari kuna fomu ya daktari na jaribio la saa 6 mfululizo katika maji ya nyuzi 16 au chini yake. Hapa waogeleaji wa pwani yetu hukwama. Bahari ya Hindi kati ya Tanga na Lamu haipoi kiasi hicho mwezi wowote, kwa hiyo hata saa 10 za kuogelea Mombasa hazihesabiki. Ni lazima kutafuta maji baridi, kama upande wa Atlantiki wa Cape Town, na kuyazoea kwa wiki kadhaa. Tusiombwe msamaha wa kanuni hii. Iko pale kwa sababu watu wamekufa.

Kuhusu maji yenyewe, mvuvi wa Unguja ataelewa haraka kuliko bingwa wa bwawa. Dover nako kuna bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na manahodha wengi hupendelea maji mafu, kwa kuwa mkondo huwa mpole zaidi. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 33 hivi, lakini mkondo hugeuka takriban kila saa 6 na kumsukuma mwogeleaji ubavuni, huku na huko, hata njia yake ikajikunja kama herufi S. Matthew Webb, aliyevuka mwaka 1875 kwa saa 21 na dakika 45, inakadiriwa alisafiri kilomita 64. Sarah Thomas alipovuka mara nne mfululizo mwaka 2019, kwa saa 54 na dakika 10, alifikisha kama kilomita 215. Andreas Waschburger alivuka mwaka 2023 kwa saa 6, dakika 45 na sekunde 25.

Chakula ndicho kinachoharibu safari nyingi kimyakimya. Kwa kawaida ni wanga wa unga uliokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu, kila nusu saa au dakika 45, kwenye chupa iliyofungwa kamba. Chupa hutupwa, mwogeleaji hulala chali, hunywa, huiachia. Kamba isikazwe, kwa maana kamba iliyokazwa inavuta, na kuvutwa ni kusaidiwa. Hesabu ni nyepesi: mara 20 kwa dakika 2 ni dakika 40 za kukaa tu, na mkondo wa noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) utakuwa umekupeleka kando karibu kilomita 2 na nusu. Kunywa kwa sekunde 30.

Mwangalizi huandika kila saa: mahali boti ilipo, joto la maji na la hewa, upepo, hali ya mawimbi, alichokunywa mtu, na idadi ya mapigo ya mikono kwa dakika. Aliyeanza na 64 akashuka 54, na akiulizwa jina la mwanawe anajibu kwa ulimi mzito, baridi imemwingia. Nahodha akisema atoke, anatoka. Hakuna rufaa, na kwa kawaida nauli ya boti hairudi. Akishatolewa, joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda, hivyo avuliwe nguo mbichi, alazwe, afunikwe. Asisuguliwe, asipelekwe chini ya maji ya moto. Ndugu zake wanapenda sana kumsugua.

Diana Nyad alitoka Cuba hadi Florida mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 64, kwa karibu saa 53. Wasaidizi walimgusa walipomvalisha vazi la kujikinga na konyeza, na daftari za waangalizi zilikuwa na mapengo. Mwaka 2023 WOWSA, chama cha kimataifa cha kuogelea katika maji ya wazi, ilipitia nyaraka upya ikakataa kuithibitisha. Jitihada yake haikuwa na shaka. Kilichokosekana ni maandishi.

Mwisho wa safari pia una kanuni. Unaanza ukiwa umesimama pakavu, na unamaliza ukitembea hadi pasiwe na maji ya bahari mbele yako. Penye mwamba wima, kama upande wa Cap Gris-Nez, rasi ya Ufaransa, kuugusa kunatosha. Anayegeuka kurudi ana dakika 10 tu za kukaa nchi kavu. Msindikizaji anayeogelea naye abaki ubavuni au nyuma, na asitangulie kutoka majini kumpa mkono, kwani mkono huo wa furaha, ukishikwa mita 2 kabla ya pakavu, unafuta kilomita zote 33.